Jina Moja kwa Vitu Viwili: Uhakiki wa Neno "Kumbukumbu" katika Ununuzi wa Kompyuta

Maradhi ya istilahi ni ya namna mbili. Namna ya kwanza ni pale kitu kimoja kinapopewa majina mengi. Namna ya pili ni pale jina moja linapobebeshwa vitu viwili. Namna ya kwanza ndiyo izungumzwayo zaidi katika mikutano na semina zetu, kwa sababu huonekana kwa macho: huyu asema hivi, yule asema vile, na kila mmoja yu tayari kulitetea neno lake. Namna ya pili haizungumzwi sana, kwa kuwa wasemaji wote hutumia neno lile lile na kudhani kwamba wanaelewana. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kuwa namna hii ya pili ndiyo yenye madhara zaidi, na kwamba madhara yake huweza kuhesabiwa kwa shilingi. Mfano wetu ni neno "kumbukumbu" kama linavyotumika katika kuchagua na kununua kompyuta.

1. Hati yenyewe

Hivi karibuni chama kimoja cha akiba na mikopo cha walimu kilituletea rasimu ya hati ya ununuzi ili tukikague Kiswahili chake kabla haijatolewa kwa wauzaji. Chama kilikuwa kimeazimia kuwanunulia wanachama wake kompyuta zilizokwisha kutumika ng'ambo, kisha kila mwalimu akatwe fedha katika mshahara wake mwezi baada ya mwezi. Hatutakitaja chama hicho, wala hakuna haja; hati za namna hiyo ni nyingi, nayo hii ilikuwa imeandikwa kwa uangalifu kuliko nyingi tulizopata kuziona. Kifungu chake chenye uzito kilisema hivi:

"Kompyuta mpakato 40, aina ya ThinkPad T490 au inayolingana nayo, zilizotumika lakini zenye hali nzuri, zenye kumbukumbu isiyopungua GB 256, na ambazo kumbukumbu yake inaweza kuongezwa baadaye kwa gharama ya mwanachama."

Kwa upande wa sarufi kifungu hiki hakina kasoro kubwa, na mtu akikisoma kwa haraka atakipitisha. Lakini tujaribu kukisoma kama atakavyokisoma muuzaji, ambaye ana haki ya kulichukua kila neno kwa maana iliyo na faida kwake. Muuzaji huyo anaweza kuleta kompyuta 40 za ThinkPad T490s, kila moja ikiwa na diski ya GB 256 pamoja na RAM ya GB 8 iliyolehemewa katika bodi kuu. Diski inaweza kutolewa na kutiwa nyingine iliyo kubwa zaidi. Kwa hiyo "kumbukumbu" yaweza kuongezwa. RAM haiwezi kuongezwa hata kidogo, kwa kuwa mashine ile haina mahali pa kuipachika. Sharti la kwanza limetimizwa, na sharti la pili pia limetimizwa. Lakini mwalimu aliyetarajia kuipa mashine yake nguvu zaidi mwakani amefungiwa mlango. Akienda kulalamika, hati itasimama upande wa muuzaji. Hapana mtu aliyedanganya hapo; neno ndilo lililodanganya.

2. Majina ya mashine

Kabla ya kulishika neno lenyewe, yafaa tulitazame jina la mashine, maana hapo ndipo wengi wangeanzia. Kwa "kompyuta" tunayo pia maneno "tarakilishi" na "ngamizi". Kwa ile ibebekayo tunayo "kompyuta mpakato", "kompyuta ya mpakato", "kipakatalishi" na, katika maduka, "laptopu". Neno "tarakilishi", ambalo limeshika mizizi Kenya kuliko Tanzania, huelezwa kuwa limefinyangwa kutokana na tarakimu na akili; na "kipakatalishi" limezaliwa na hilo pamoja na kitenzi "kupakata". Kitenzi hiki kimeteuliwa vizuri sana. Mama humpakata mtoto, naye karani huipakata mashine yake akiwa safarini. Hakuna anayehitaji kufafanuliwa zaidi.

Watu wamebishana kwa miaka mingi juu ya majina haya, na bila shaka wataendelea kubishana. Sisi hatudharau mabishano hayo. Twasema tu kwamba, likija suala la mfuko wa mnunuzi, hayana madhara. Aandike "kipakatalishi" au aandike "kompyuta mpakato", muuzaji wa Kariakoo ataleta mashine ile ile. Majina yote yanakielekezea kidole kitu kimoja. Wingi wa majina waweza kumchosha mtunga kamusi, lakini haumwibii mtu fedha.

3. Kumbukumbu ya karani na kumbukumbu ya mashine

Sasa tuje kwenye "kumbukumbu". Neno hili si geni wala halikuundwa kwa ajili ya kompyuta. Limekuwa katika maofisi yetu tangu zamani, na maana yake huko ni thabiti. Kila barua rasmi ina mstari wa "Kumb. Na.". Kila kikao kina kumbukumbu zake, ambazo husomwa na kuthibitishwa kikao kifuatacho. Serikali ya Tanzania ina Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Mzizi wake ndio uliotupa "makumbusho", nyumba ambamo vitu vya kale huwekwa visipotee. Katika matumizi yote haya, kumbukumbu ni jambo lililoandikwa au kuwekwa ili lidumu. Na karani anayepoteza kumbukumbu huitwa kujieleza.

Tutazame basi ile sehemu ya kompyuta iitwayo RAM. Kazi yake ni kushika yale ambayo mashine inayafanyia kazi kwa wakati huo: barua iliyofunguliwa, jedwali la alama za wanafunzi, ukurasa wa intaneti unaosomwa, pamoja na sehemu za programu zinazoendesha hayo yote. Umeme ukikatika, au mashine ikizimwa, yaliyomo humo hutoweka yote. Hilo si hitilafu. Ndiyo tabia yake. Mtu ambaye hakuhifadhi barua yake kabla ya umeme kukatika aijua tabia hiyo kwa uchungu. Diski, kwa upande wake, haisahau kwa kuzimwa. Barua iliyohifadhiwa humo leo itakutwa humo kesho.

Fundi cherehani anaweza kutusaidia kueleza tofauti hiyo. Fundi ana rafu ya vitambaa na ana meza ya kukatia. Rafu ikiwa kubwa, ataweka vitambaa vya wateja wengi. Meza ikiwa kubwa, ataweza kutandaza kazi kadhaa kwa pamoja na kukata bila kusitasita. Meza ikiwa finyu, hata awe na rafu ya kufika darini, itambidi kila mara akunje kazi hii na kuirudisha rafuni ili apate nafasi ya kutandaza ile. Ndivyo ifanyavyo kompyuta yenye RAM haba: huhamishia diskini sehemu ya yale iliyoyashika, kisha huyarudisha yanapohitajika tena, na kwa kuwa diski ni ya polepole kuliko RAM, mtumiaji huketi akingoja.

Hapo ndipo mgongano ulipo. Neno lililomaanisha rafu kwa miaka yote limepewa meza. Mtumishi wa serikali au mwalimu asomapo "kumbukumbu" huona mahali pa kuwekea faili zisipotee, yaani diski; na aliyefundishwa somo la kompyuta huona RAM. Wote wawili hawana kosa. Huenda mtu akatujibu kwamba hata kumbukumbu ya binadamu hupotea, na kwamba twasema fulani "amepoteza kumbukumbu". Ni kweli, lakini twasema hivyo kwa mgonjwa au kwa mtu aliyeumia. Hatusemi hivyo kwa mtu mzima wa afya kila anapolala usiku.

Simu za mkononi zimezidisha utata huo. Watu wengi walikutana na neno "memori" kwanza katika "memori kadi", kile kijikadi cha kuwekea nyimbo na picha. Kijikadi hicho ni rafu, si meza. Hadi leo, mtu akisema ana "simu ya GB 128", anataja ukubwa wa rafu. Kwa hiyo neno la asili "kumbukumbu" na neno la kutoholewa "memori" yote mawili yameshakaa upande wa hifadhi katika akili za watu, na RAM imebaki bila jina ila hizo herufi tatu.

Hapa hapana budi tuwape mafundi wa mitaani haki yao. Fundi wa kompyuta asiye na cheti chochote hachanganyi mambo haya. Yeye husema "ram" na husema "diski", na kwake hivyo ni vitu viwili vyenye bei mbili. Lugha ya mtaa imekopa maneno mawili kwa vitu viwili. Lugha ya hati zetu imetumia neno moja la asili kwa vyote viwili, na kujiona kuwa ndiyo iliyo sanifu. Usanifu wa namna hiyo haumfai mtu.

4. Hata kipimo hakituokoi

Wapo watakaosema kwamba nambari itaondoa utata: mtu akiona GB 8 atajua ni RAM, na akiona GB 256 atajua ni diski. Kwa leo huenda ikawa hivyo kwa mzoefu, lakini hati haiandikiwi wazoefu peke yao. Isitoshe, hata herufi GB zimebeba vitu viwili. Katika RAM vipimo hupanda kwa kuzidisha mbili, na GB moja huhesabiwa kuwa baiti 1,073,741,824. Watengenezaji wa diski huhesabu kwa makumi, na GB moja kwao ni baiti 1,000,000,000. Ndiyo sababu diski iliyouzwa kuwa ya GB 256 huonyeshwa na Windows kuwa ni ya GB 238 hivi. Walio wengi wakiiona nambari hiyo hudhani wamepunjwa. Hawakupunjwa, wamepewa kipimo kimoja kwa jina na viwili kwa hesabu. Kama kipimo chenyewe kimeugua maradhi yale yale, hakiwezi kuwa dawa yake.

Mfano mwingine wa haja ya maneno mawili ni masharti ya Windows 11. Mtengenezaji ametaja kwamba programu hiyo huhitaji angalau GB 4 za RAM na GB 64 za diski. Mfasiri anayetumia neno "kumbukumbu" peke yake hawezi kuifasiri sentensi hiyo fupi bila kujipinga mwenyewe.

5. Maneno yaliyopendekezwa

Kwa upande wa diski, neno "hifadhi" linatosha, nalo tayari linatumika sana. Ni kweli kwamba tunayo pia hifadhi ya taifa yenye tembo na hifadhi ya jamii yenye pensheni. Lakini hakuna atakayetafuta tembo ndani ya kompyuta. Muktadha huvitenga vitu hivi mbali kiasi cha kutosha. Aidha, kitenzi "kuhifadhi" ndicho kinachotumika katika programu zilizofasiriwa kwa Kiswahili pale mtumiaji anapoweka kazi yake, na hivyo jina na kitendo hulingana.

Kwa upande wa RAM, yapo mapendekezo kadhaa, na kila moja lastahili kupimwa.

(a) "Kumbukumbu" bila kivumishi. Tumekwisha kuonyesha kasoro yake.

(b) "Kumbukumbu fikio nasibu" na mengine ya jinsi hiyo, yaliyopatikana kwa kuzifasiri herufi R, A na M moja moja. Jina la kigeni lenyewe ni la kihistoria. Lilitofautisha chombo ambacho kila sehemu yake hufikiwa moja kwa moja na utepe ambao ulilazimu kuzungushwa hadi mahali panapotakiwa. Siku hizi hata diski hufikiwa moja kwa moja, kwa hiyo sifa hiyo haitofautishi tena. Kufasiri jina ambalo limepoteza sababu yake kwao ni kuagiza mzigo uliokwisha kuharibika.

(c) "Kumbukumbu ya muda". Hili linaeleza vizuri tabia ya kusahau. Kasoro yake ni kwamba neno "muda" katika maofisi hushusha hadhi: mtumishi wa muda, jengo la muda, kibali cha muda. Mnunuzi atadhani ni kitu cha kutumia huku akingoja kilicho bora, naye atakibania fedha mahali ambapo hapaswi kubania.

(d) "Kumbukumbu ya kazi". Kwa mtazamo wa kwanza ni zuri. Lakini likiingia katika wingi, "kumbukumbu za kazi" ni kumbukumbu za utumishi wa mtu: alianza lini, alipandishwa lini, alihamishwa wapi. Tutakuwa tumetoka shimoni na kuingia mtaroni.

(e) "Kumbukumbu tendaji". Hili ndilo tunalolipendelea. Kivumishi "-tendaji" kinajulikana na kila mtumishi kutokana na "mkurugenzi mtendaji" na "kamati tendaji", nacho huashiria upande wa utekelezaji. Kamati tendaji haitunzi majalada, inafanya kazi. Vivyo hivyo kumbukumbu tendaji haitunzi faili. Inashika kazi inayofanywa.

Kuna watakaouliza kwa nini tusiikubali "ram" tu, kama walivyofanya mafundi. Sisi hatuikatai. Katika hati yoyote ya ununuzi herufi hizo ziandikwe sambamba na istilahi, kwa sababu ndizo zilizoandikwa katika lebo ya mashine na ndizo atakazozitafuta mkaguzi. Lakini herufi tatu hazimfundishi mtu asiyezijua. Istilahi nzuri humpa msomaji mgeni nusu ya maelezo kabla hajamwuliza mtu.

Kwa wenzetu wafasiri kuna jambo la ziada. Programu za kusaidia tafsiri zina kitu kiitwacho "kumbukumbu ya tafsiri", yaani mkusanyo wa sentensi zilizokwisha kufasiriwa pamoja na tafsiri zake, ili zisifasiriwe upya kila zinapotokea. Hapo neno "kumbukumbu" liko nyumbani kwake: ni jambo lililowekwa lidumu. Basi tukubali kwamba kumbukumbu ya tafsiri hukaa katika hifadhi na hufanya kazi katika kumbukumbu tendaji. Sentensi hiyo inasomeka na kueleweka. Ondoa vivumishi, ubaki na neno moja, nayo itakuwa kitendawili.

6. "Inaweza kuongezwa"

Sharti la pili la hati lilisema kumbukumbu "inaweza kuongezwa". Hata kama neno "kumbukumbu" lingekuwa limefafanuliwa, kitenzi hiki bado kingekuwa na mwanya. Inaweza kuongezwa na nani, na kwa njia gani?

Katika kompyuta mpakato RAM huwekwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kupachika: kipande cha RAM hutiwa katika nafasi yake maalumu, na fundi huweza kukitoa na kutia kingine kwa dakika chache. Njia ya pili ni kulehemu: RAM hushikizwa katika bodi kuu kiwandani, na hapo ndipo itakapobaki. Baadhi ya mashine hutumia njia zote mbili kwa pamoja. MacBook Air ya mwaka 2020 yenye prosesa ya M1, kwa mfano, iliuzwa ikiwa na GB 8 au GB 16, na aliyenunua ya GB 8 atabaki na GB 8 mpaka mwisho wa mashine hiyo. Kwa mashine ya namna hii, uamuzi wa kuongeza kumbukumbu hufanywa siku ya kununua au haufanywi kabisa.

Kwa hiyo twapendekeza vivumishi "ya kupachika" na "iliyolehemewa" viingizwe katika kila hati. Ni maneno ya kawaida. Kila fundi wa redio ayajua. Kwa kitendo chenyewe, "kuongeza" na jina lake "nyongeza" vinafaa kuliko "kusasisha", ambalo tuliliona katika ukurasa mwingine wa rasimu ile ile. Kusasisha ni kukifanya kitu kiwe cha kisasa, na limezoeleka kwa programu. Mwalimu akimwambia fundi "nisasishie kumbukumbu", fundi atamtazama tu.

7. Aina, modeli na kizazi

Rasimu ilisema "aina ya ThinkPad T490 au inayolingana nayo". Neno "aina" ni pana mno. Laweza kumaanisha kampuni, laweza kumaanisha jamii nzima ya mashine, na laweza kumaanisha mashine moja mahususi. Neno "modeli" limekwisha kuzoeleka kwa magari, nalo litumike hapa pia kwa maana hiyo hiyo mahususi. Tofauti hiyo si ya urembo. T480, iliyotolewa mwaka 2018, ina nafasi mbili za kupachika RAM. T490, ya mwaka 2019, ina RAM iliyolehemewa pamoja na nafasi moja ya kupachika. T490s, ya mwaka huo huo, ni nyepesi zaidi, lakini RAM yake yote imelehemewa. Kwa "aina" hizo zote ni ThinkPad. Kwa modeli, herufi moja ndogo mwishoni yatosha kumnyima mtu nyongeza.

"Kizazi" nacho kimeanza kuingia katika mtego ule ule. Kuna kizazi cha prosesa na kuna kizazi cha RAM. T480 nyingi zina prosesa za Intel za kizazi cha nane, ambazo Windows 11 inazikubali. T470 iliyozitangulia ina za kizazi cha sita na cha saba, ambazo kwa kawaida haizikubali. Jambo hili ni zito sasa, kwa kuwa msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine zote mbili zina nafasi mbili za RAM. Mtu anayetazama kumbukumbu peke yake hataona tofauti. Kwa upande mwingine, RAM ya T480 ni ya kizazi cha nne, yaani DDR4. Mwalimu mwenye kipande cha DDR3 alichokitoa katika mashine yake ya zamani hataweza kukitia humo: pengo la kipande hicho liko mahali pengine, na miguso yake ni 204 badala ya 260. Basi isiandikwe "kizazi cha nane" wala "kizazi cha nne" bila kutaja kizazi cha nini.

8. Kuamua

Mtu aliyepewa maneno yaliyotengana huweza kuamua mambo yaliyotengana. Tuseme mwalimu analalamika kwamba mashine yake ni ya polepole. Kwa neno moja "kumbukumbu", shauri atakalopewa ni moja: ongeza. Kwa maneno mawili, atauliza kwanza ni meza au ni rafu. Kama mashine huchukua muda mrefu kuwaka na ina diski ya kuzunguka, huenda fedha yake ikafaa zaidi katika kuibadilisha hifadhi iwe SSD, isiyo na sehemu inayozunguka. Kama huwaka upesi lakini hulemewa anapofungua mambo mengi kwa pamoja, aitazame kumbukumbu tendaji. Windows yenyewe huonyesha ni kiasi gani kinachotumika. Ikiwa katika kazi zake za kila siku karibu yote imetumika, nyongeza itamfaa. Ikiwa nusu yake iko tupu, nyongeza ni fedha iliyotupwa. Kwa anayetunga mitihani, kujaza alama na kusoma kurasa chache za intaneti, GB 8 kwa kawaida hutosha. Kwa mfasiri anayefungua kumbukumbu ya tafsiri, kamusi na hati ndefu kwa wakati mmoja, GB 16 si anasa. Na kama hana hakika leo, basi anunue modeli yenye nafasi ya kupachika, ili uamuzi ubaki mikononi mwake.

9. Kifungu kilichorekebishwa

Kwa kuzingatia hayo tulikirudishia chama kifungu kifuatacho:

"Kompyuta mpakato 40 zilizotumika lakini zenye hali nzuri, modeli ya ThinkPad T480 au T490, au modeli nyingine yoyote itakayotimiza masharti yote yafuatayo: (i) kumbukumbu tendaji, yaani RAM, isiyopungua GB 8 siku ya kukabidhiwa, (ii) angalau nafasi moja ya kupachika kumbukumbu tendaji, iwezeshayo jumla kufikia GB 16 au zaidi, (iii) hifadhi ya SSD isiyopungua GB 256, inayoweza kubadilishwa, (iv) prosesa iliyomo katika orodha ya zile zinazokubaliwa na Windows 11."

Kifungu hiki ni kirefu kuliko cha kwanza, na huenda msomaji apendaye ufupi asikifurahie. Lakini ufupi wa kile cha kwanza ungelipwa na walimu 40. Katika hiki, muuzaji hana mahali pa kujificha, na mkaguzi wa mizigo anaweza kuishika karatasi kwa mkono mmoja na mashine kwa mkono wa pili, akalinganisha sharti kwa sharti.

Twawaomba basi walimu wa somo la kompyuta, wafasiri, na wote wanaoandika hati za ununuzi waache kuliandika neno "kumbukumbu" peke yake panapohusika mashine hizi. Waandike "kumbukumbu tendaji" au waandike "hifadhi". Mwenye neno lililo bora kuliko "tendaji" na atuletee pamoja na sababu zake, tulipime kama tulivyoyapima haya. Tuko tayari kuliacha letu. Tusiloweza kuliacha ni lile sharti la kwamba vitu viwili vyenye bei mbili vipewe majina mawili.